Nyonga huuma njiani, kwa nini tunapimwa tukiwa tumelala?

UKITAKA kujua hali ya biashara ndogondogo ya mpakani, usihesabu magunia peke yake. Angalia pia miguu ya wanaoyabeba. Kati ya Mugina na Manyovu, au Kobero na Kabanga, hutakosa kumwona mama anayepanda mlima na mzigo kichwani, juu ya ingata, huku mwili wake wote ukiegemea upande mmoja kila anapokanyaga. Wenzake wamekwisha kumzoea. Wapo wanaomtania kwamba ana maringo, na wapo wasio na haya wanaomwita kwa kilema chake. Mwenyewe akiulizwa anajibu kwamba ni "kiuno tu", kisha anaendelea na safari, kwani soko halimngoji mtu.

Ndugu msomaji, leo nataka tukizungumze hicho "kiuno tu". Mara nyingi tatizo haliko kiunoni kabisa, bali katika kiungo cha nyonga. Na hoja yangu ni fupi: nyonga ni kiungo cha kutembelea, kwa hiyo ugonjwa wake upimwe mtu akiwa anatembea. Siku hizi kuna vifaa vidogo, vingine havizidi ukubwa wa kiberiti, ambavyo hufungwa mwilini kwa mkanda na kuandika kila hatua anayopiga mgonjwa. Wataalamu huviita vihisi mwendo. Nataka hospitali zetu za kufundishia na vyuo vyetu vianze kuvitumia, tena waanze na watu wa aina yetu: wabeba mizigo, wapanda milima na wavaa kandambili.

Nianze na nyonga yenyewe. Kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo kama mpira mdogo, nacho hukaa ndani ya kikombe kilichoko kwenye fupanyonga. Kati yao kuna gegedu, ile nyama ngumu laini inayoteleza tunayoiona kwenye viungo vya mbuzi. Kiungo hicho ndicho kinachobeba mwili wakati wa kutembea, na kinabeba kwa namna ambayo wengi hawaifikirii.

Sisi tuliosoma shule za msingi za Tanzania tulifundishwa somo la nyenzo kwa Kiswahili: egemeo, mzigo na jitihada. Basi somo hilo liko ndani ya mwili wako. Unapoinua mguu mmoja ili upige hatua, mwili unabaki juu ya nyonga moja. Nyonga hiyo ni egemeo. Uzito wa mwili ni mzigo, nao uko mbali na egemeo, huku katikati ya mwili. Jitihada inatoka katika misuli iliyo pembeni ya tako, karibu sana na egemeo. Kwa kuwa mkono wa jitihada ni mfupi, misuli hiyo hulazimika kuvuta kwa nguvu inayozidi uzito wenyewe, na nguvu zote mbili hukutana ndani ya nyonga.

Haya si maneno ya ubaoni peke yake. Mjini Berlin, Ujerumani, mtafiti Georg Bergmann na wenzake waliwawekea wagonjwa nyonga za bandia zenye vipimo ndani yake. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2001 yalionyesha kwamba mtu anapotembea kwa mwendo wa kawaida, nyonga hubeba takriban mara 2.4 ya uzito wa mwili wake. Maana yake mama wa kilo 60, akitembea mikono mitupu, kila hatua inaweka nyongani mwake mkandamizo kama wa mzigo wa kilo 140 na zaidi. Sasa mwongezee ndoo ya mawese kichwani, kisha mpandishe mlima.

Nyonga ikiuma, au misuli ya pembeni ikilegea, mwili hufanya moja kati ya mambo mawili. La kwanza, fupanyonga hushuka upande wa pili mguu unapoinuliwa. Dalili hiyo ilielezwa na daktari mpasuaji Mjerumani, Friedrich Trendelenburg, mwaka 1895, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. La pili, mtu huuegemeza mwili wake upande ule ule unaouma, ili kuuleta mzigo karibu na egemeo na kuipunguzia misuli kazi. Kwa hiyo yule mama anayetaniwa kwamba ana maringo, mwili wake unapiga hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari huitolea jasho.

Nini huharibu nyonga? Kwa wazee ni kulika kwa gegedu na kuvunjika kwa mfupa baada ya kuanguka. Kwa vijana wenye siko seli, mishipa ya damu huziba na kichwa cha mfupa wa paja kikafa polepole kwa kukosa damu. Kuna kifua kikuu cha mifupa, ambacho watu wengi hawajui kwamba huingia nyongani pia. Kuna madhara ya sindano za matakoni zilizochomwa vibaya au mara nyingi mno. Katika eneo la Kumi, mashariki mwa Uganda, watafiti wameandika juu ya watoto ambao misuli yao ya matako ilikakamaa baada ya sindano, zikiwemo za kwinini, hata wakashindwa kuchuchumaa vizuri. Kuna pia dawa. Nawaambia hasa ndugu zangu mnaouza na kununua vidonge katika masoko ya mpakani: deksamethasoni na dawa za jamii yake, zikimezwa muda mrefu bila daktari, zinaweza kukiua kichwa cha mfupa wa paja. Wanaozimeza ili wanenepe wanajinunulia mkongojo.

Sasa tatizo liko wapi? Tatizo la kwanza ni lugha, na hapa sisi abahungutse tunalijua vizuri kuliko wengine. Maumivu ya kiungo cha nyonga mara nyingi husikika kwenye kinena, na mara nyingine hushuka pajani mpaka kwenye goti. Mama mtu mzima hawezi kumwambia kijana wa kituo cha afya kwamba anaumwa kinena. Kwa heshima anasema kiuno. Kiuno hicho kikitafsiriwa kwa Kirundi kinakuwa umugongo, na umugongo ukiandikwa kwa Kifaransa kwenye daftari unakuwa ugonjwa wa uti wa mgongo au figo. Mgonjwa aliingia na nyonga, anatoka na dawa za mgongo. Na sisi walimu tunaona mengine: mtoto anachechemea, analalamika goti, goti linapakwa dawa mwezi mzima, kumbe ugonjwa uko juu, kwenye nyonga.

Tatizo la pili ni kipimo chenyewe. Mwenye bahati ya kupelekwa mbele hupigwa picha ya eksirei, mara nyingi akiwa amelala juu ya meza. Picha hiyo ina umuhimu wake, nami siibezi. Lakini picha ya mfupa uliolala haisemi yote juu ya nyonga inayotembea. Mwaka 2015 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliotumia watu wa mji wa Framingham, Marekani. Kati ya nyonga zilizokuwa zinauma mara kwa mara, takriban 16 tu kwa kila 100 zilionyesha kulika kwenye picha. Na kati ya nyonga zilizoonekana zimelika kwenye picha, takriban 21 tu kwa kila 100 ndizo zilizokuwa zinauma mara kwa mara. Yaani yupo mwenye picha safi anayelia usiku, na yupo mwenye picha mbaya anayecheza ngoma harusini. Daktari anayesema "picha haina kitu, nenda nyumbani" anakuwa amesoma picha, hajamsoma mgonjwa.

Ndipo tunapofika kwenye vihisi mwendo. Wazo la kupima kutembea kwa kifaa kinachovaliwa si jipya. Mfaransa Étienne-Jules Marey, katika miaka ya 1870, alikuwa na viatu vyenye mifuko ya hewa katika soli. Mguu ukikanyaga, hewa inasukumwa kwenye mrija na kuchora alama ya kila hatua. Baadaye zikaja maabara za kamera nyingi na sakafu zenye mizani, ambazo ni nzuri sana lakini zinadai chumba kikubwa, mafundi na fedha ambazo hospitali nyingi katika ukanda huu hazina.

Kilichobadilika ni kwamba vipimo vile vimekuwa vidogo kama punje na vya bei ndogo, kwa sababu viwanda vya simu na magari vinavihitaji kwa mamilioni. Ndani ya kihisi mwendo kuna akselerometa, inayopima jinsi kitu kinavyoongeza au kupunguza kasi, na jairoskopu, inayopima jinsi kinavyozunguka. Ukiigeuza simu yako na picha ikageuka nayo, vifaa vya aina hiyo ndivyo vilivyofanya kazi. Kihisi cha kitabibu huandika vipimo hivyo kama mara 100 kwa kila sekunde.

Mgonjwa hufungwa kihisi kimoja mgongoni chini, juu kidogo ya matako, na vingine mapajani, miguuni au kwenye viatu, kutegemea kinachotafutwa. Kisha anaambiwa atembee kwenye korido, kwa dakika sita kwa mfano. Kile cha mgongoni kinaonyesha fupanyonga linavyoinama huku na huku. Kile cha mgongoni na cha pajani vikisomwa pamoja vinatoa pembe ya nyonga. Vya miguuni vinahesabu muda wa kila hatua.

Mtu mwenye afya, katika mzunguko mmoja wa mguu, huuweka chini kwa takriban asilimia 60 ya muda na kuuinua asilimia 40. Mwenye maumivu huukimbia mguu wake: anaukanyagia kwa muda mfupi kuliko ule mzima. Mtu mwenye afya hutumia takriban nyuzi 40 za pembe ya nyonga katika kila hatua, nyuzi kama 30 kwenda mbele na kama 10 kurudi nyuma. Ugonjwa wa nyonga huanza kuziiba zile 10 za nyuma, na ndiyo maana mgonjwa hupiga hatua fupi. Mambo hayo jicho la mtaalamu mzoefu huyaona, lakini haliwezi kuyaandika kwa tarakimu, wala kukumbuka baada ya miezi mitatu kama yameongezeka au yamepungua. Kihisi kinaandika. Na kina sifa nyingine ninayoipenda mimi: hakijui Kifaransa, hakijui Kirundi, hakijui Kiswahili. Mama akisema kiuno, akisema mgongo, akinyamaza kwa haya, hatua zake zitaonyesha ni upande gani unaokwepa kubeba mwili.

Wasemao kwamba hizi ni ndoto za vitabuni, nawaomba waangalie yaliyokwisha kufanyika. Kati ya mwaka 2019 na 2024 mradi mkubwa wa Ulaya uitwao Mobilise-D uliwapa wagonjwa kihisi kimoja cha kuvaa mgongoni chini, wakaenda nacho majumbani na sokoni kwao kwa siku saba. Miongoni mwao walikuwamo watu waliovunjika mfupa wa paja karibu na nyonga. Shirika la kusimamia dawa la Ulaya nalo lilikubali mwaka 2019, kisha kwa uzito zaidi mwaka 2023, kwamba kasi ya hatua inayopimwa na kihisi cha kifundoni itumike kama kipimo katika majaribio ya dawa kwa wagonjwa wa Duchenne, ule ugonjwa wa kurithi unaomaliza misuli ya watoto wa kiume. Na tangu mwaka 2020 simu za iPhone za toleo la 8 na kuendelea zinaweza kukadiria zenyewe kama mwenye simu anatembea kwa usawa miguu yote miwili. Teknolojia iko mfukoni mwa watu. Swali ni nani atapimwa nayo.

Na hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kihisi hutoa tarakimu, lakini tarakimu peke yake haina maana mpaka uilinganishe na mtu mzima wa afya. Mtu huyo wa kulinganishia ni nani? Akiwa ni Mzungu aliyetembea kwenye sakafu tambarare, amevaa raba, mikono mitupu, basi mama wa Mabanda aliyebeba kilo 25 kichwani, aliyevaa kandambili, kwenye njia ya mlima, ataonekana mgonjwa hata akiwa mzima. Au mabaya zaidi, ataonekana mzima hali ni mgonjwa, kwa kuwa alipimwa bila mzigo kwenye korido ya hospitali, mahali ambapo nyonga yake haimuumi.

Mifano ipo ya kwamba kubeba kwetu kuna siri yake. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy wa Kenya na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti juu ya wanawake wa Kikuyu na wa Kijaluo. Wakikuyu hubeba mzigo mgongoni kwa kamba ya kipajini, Wajaluo hubeba kichwani. Watafiti waliona kwamba wanawake hao waliweza kubeba mpaka asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada kuliko walipotembea mikono mitupu. Mwaka 1995 utafiti mwingine katika jarida hilo hilo ulieleza sababu: huutumia mwili kama timazi inayobembea, vizuri kuliko watu wasiozoea. Lakini utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2010, kwa wanawake wa Kixhosa, haukuona kwamba akiba hiyo ni ya kila mbebaji wa kichwani. Ona basi, ndugu msomaji: tafiti hizo zilipima nguvu inayotumika, nazo hazikupatana. Wala hazikuuliza ni nini kinachotokea nyonga inapoanza kuuma na ile timazi inapobembea upande mmoja. Jibu hilo haliwezi kuagizwa kutoka Ulaya. Litapatikana kwa kupima watu wanaobeba, mahali wanapobebea.

Najua kuna watakaosema: mwalimu, vituo vya afya vinalia dawa za kutuliza maumivu, wewe unaleta vihisi! Hoja hiyo ina uzito na siikwepi. Najibu hivi. Upasuaji wa kubadilisha nyonga, ambao Mwingereza John Charnley aliuanzisha kwa mafanikio mapema katika miaka ya 1960, ni tiba nzuri mno, lakini gharama yake haigusiki kwa mwenye mtaji wa debe mbili za dagaa. Kwa hiyo watu wetu wengi watatibiwa kwa mazoezi ya viungo, fimbo na kubadilisha namna ya kubeba. Tiba hizo ni za bei ndogo, lakini zinataka kuanza mapema na kufuatiliwa. Bila kipimo, mama anafanya mazoezi miezi miwili, haoni tofauti, anaacha. Kipimo kinaweza kumwonyesha kwamba nyuzi mbili zimerudi, au kwamba hakuna kilichorudi na inafaa apelekwe mbele. Palipo na eksirei chache na wapasuaji wachache ndipo hasa panapohitaji njia nyepesi ya kujua nani aende kwanza.

Hata hivyo, nisiwe mpiga debe. Kihisi kina mipaka yake. Kinasema mtu anatembeaje, hakisemi kwa nini. Hakijui kutofautisha kifua kikuu cha nyonga na kulika kwa gegedu. Hiyo ni kazi ya daktari, damu na picha. Kikifungwa kombo kinasema uongo. Ngozi na mafuta ya paja hutikisika na kupotosha pembe, hasa zile za pembeni na za kuzunguka. Vile vinavyotumia sumaku kujua upande huchanganyikiwa karibu na chuma kingi. Na lipo jambo lisilohitaji kifaa chochote: mtoto mwenye homa ambaye ghafla anakataa kukanyaga mguu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani usaha ndani ya nyonga huharibu kiungo kwa muda mfupi sana. Huyo hasubiri vihisi.

Kwa hiyo nikisema tupimwe, natoa na masharti.

Kwanza, tupimwe katika hali yetu. Mgonjwa atembee mara moja bila mzigo na mara moja na mzigo aliouzoea, kwa viatu vyake, na ikiwezekana avae kihisi siku kadhaa za soko. Mtu akiitwa na daktari hutembea kwa adabu. Njiani ndiko anakotembea kweli.

Pili, wapimwe na wazima. Bila vipimo vya wabebaji wenye afya, wanawake kwa wanaume, vijana kwa wazee, hatutakuwa na cha kulinganishia. Kazi hiyo ni ya vyuo. Chuo Kikuu cha Burundi kina wanafunzi wa utabibu. Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, kipo chuo cha TATCOT ambacho tangu 1981 kinafundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Burundi iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Mfanyabiashara huvuka mpaka kila wiki na mguu ule ule. Kwa nini vipimo vya mguu huo viishie upande mmoja wa mpaka?

Tatu, majibu yarudi kwa mwenye mguu. Hapa nasema kwa niaba ya wenzangu tuliorejea kutoka Ulyankulu, Katumba na Mishamo mwaka 2008 na 2009, na wale waliorejea baadaye kutoka Nyarugusu na Nduta. Sisi ni watu tuliopimwa sana. Tumehesabiwa, tumepigwa picha, tumechukuliwa alama za vidole, watoto wetu wamepimwa uzito na mikono. Karatasi zikaondoka na magari, majibu hatukuyaona. Hatutaki nyonga zetu ziondoke kwa njia hiyo. Anayepimwa aelezwe kwa Kiswahili au Kirundi kilichoonekana, apewe karatasi yake, na aulizwe kabla vipimo vyake havijapelekwa nje ya nchi. Mwendo wa mtu unaweza kumtambulisha kama sura yake. Si mali ya kuokotwa.

Nne, wafundishwe watu kabla ya kununua mashine. Mhudumu wa kituo cha afya anayejua kumwambia mgonjwa "simama kwa mguu mmoja" na kuangalia kama fupanyonga linashuka ana thamani kuliko sanduku la vihisi lililofungwa kwa kufuli ofisini. Sote tunayajua masanduku ya namna hiyo. Mfadhili anaondoka, betri inakufa, na kifaa kinabaki pambo la kabati.

Wakati tunangoja hayo, yapo ya kufanya leo bila kumwomba mtu. Mwenye nyonga inayouma ashike fimbo kwa mkono wa upande wa pili, si upande unaouma. Hapo fimbo inaisaidia ile misuli ya pembeni. Akibeba mfuko kwa mkono, aubebe upande ule ule unaouma, kwani mzigo wa upande wa pili huongeza kazi ya nyonga mbovu. Mzigo wa kilo 30 ugawanywe safari mbili au wagawane wawili. Sindano na vidonge vya maumivu visiwe chakula cha kila siku, maana diklofenaki na ndugu zake hudhuru tumbo na figo. Na mwenye simu ya kamera amwombe mwenzake ampige video akitembea, mbele, nyuma na pembeni, akiwa na mzigo na bila mzigo, kisha amwonyeshe daktari. Si kihisi, lakini daktari atakuwa ameona jambo ambalo meza ya eksirei haiwezi kumwonyesha.

Walimu wenzangu, nanyi msikae kimya. Mtoto anayechechemea wiki mbili mfululizo si mvivu wa michezo. Mwandikieni mzazi kikaratasi, mkiandika neno nyonga waziwazi, ili lisipotee njiani likawa goti au kiuno.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Nyonga imefichwa muda mrefu nyuma ya neno kiuno, nyuma ya haya zetu na nyuma ya mizaha ya njiani. Wizara zinazohusika, vyuo vikuu na hospitali za pande zote za mpaka zisisubiri mpaka wabebaji wetu wakae chini ndipo zije kuwahesabu kama walemavu. Mama yule wa Mugina bado anatembea leo. Apimwe akiwa anatembea, na majibu apewe mkononi.